Maji Yasiyolala Chini ya Bati

Baraka, tarehe 9 Juni 2024

Shangazi yangu Pulchérie,

Nakuamkia kwa heshima yote, ingawa najua barua hii itakukuta umeshaamka na umeshafika shambani. Sisi wa Baraka tuko wazima, Mungu ashukuriwe, ila ziwa halituonei huruma. Tangu Aprili maji yamepanda mpaka yameingia katika nyumba za watu. Depo ya Baba Mdogo Casimir kule ufukweni imebaki paa tu, na nyavu zilizokuwa ndani zimenuka hadi barabarani. Watoto wako wote wawili hawana neno. Ushindi anakaribia mitihani yake ya shule ya wauguzi, na bado analala kwa mjomba wake Casimir, chumba kile kile cha nyuma. Guy anaendesha injini ya boti kubwa ya Casimir. Ameota mabega, na wasichana wa sokoni wanamjua kwa jina.

Mimi naendelea kufundisha. Mwaka huu nimepewa darasa la tano la fasihi, na katika masomo yao mna miungu ya Wagiriki wa kale. Juzi nilifika kwa mungu mmoja wa kike nikacheka peke yangu mbele ya darasa, kwa sababu nilikuona wewe. Anaitwa Styx. Ni mto wa kuzimu na papo hapo ni mama mwenye nyumba yake. Kwa Wagiriki mto kuwa mtu si shida. Baba yake ni Oseano, yale maji makubwa yanayoizunguka dunia. Ana mabinti wasio na idadi, na Styx ndiye mkubwa wao. Anaishi mbali na wenzake, chini ya miamba, katika nyumba ya nguzo za fedha. Nguzo zako ni za mikaratusi, lakini mengine yote ni sawa. Miungu wakigombana na mmoja wao akashukiwa uongo, hutumwa mjumbe kuchota maji ya mama huyo, na mshukiwa huapa juu yake. Akiapa uongo, anaanguka na kulala mwaka mzima bila pumzi wala sauti, kisha miaka tisa hakai na wenzake wala hali nao.

Haya niambie, Shangazi: katika ukoo wetu nani ni binti mkubwa, nani anaishi mbali, na nani peke yake ana ruhusa ya kuchota maji ya kiapo? Tena mmoja wa watoto wa Styx anaitwa Ushindi. Wanafunzi walidhani nimepandwa na malaria.

Sasa jambo lililoniketisha kuandika. Kwa kuwa depo imezama, Baba Mdogo anataka kujenga nyingine Mboko, upande wa juu wa barabara ambako ziwa halifiki. Mahali anapopataka ni shamba la Kabura. Unamfahamu kuliko mimi, yule mama Mrundi aliyemwogesha na kumlisha Koko, mama yenu, wakati wa ugonjwa wake pale Mboko, barabara ikiwa imefungwa na vita na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kufika. Baada ya maziko baba yangu Placide alimpa shamba lile alilime maisha yake yote. Aliniambia mwenyewe kwamba yeye na Casimir waliapa, na maji uliyachota wewe. Leo Casimir anasema Kabura aliazimwa shamba kwa msimu mmoja na kwamba hakuna aliyeapa. Anamtaka ang'oe muhogo wake na kuondoka mvua zikianza.

Baraza la ukoo litakaa Agosti, nyumbani kwa Casimir. Baba yangu yuko kaburini. Umebaki wewe, Shangazi. Njoo useme ulichokiona, au kiandike, nami nitakisoma mbele yao.

Simu yako haishiki tangu Pasaka, ndiyo maana nimempa barua Eugène wa pikipiki. Mpe maji ya kunywa, na umvumilie akilalamika.

Mtoto wa kaka yako,
Merveille


Lubondja, tarehe 21 Julai 2024

Mwanangu Merveille,

Barua yako imefika ikiwa imelowa jasho la Eugène. Nilimpa maji, akanywa, akalalamika. Salamu zako nimezipokea na nazirudisha zikiwa na uzito zaidi. Huku hatujambo. Maharage yameota vizuri, ila nyani nao wana mipango yao. Kwaya ya akina mama imepata ngoma mpya, na Anastasie anaipiga kana kwamba imemkosea. Mbuzi wangu amezaa pacha. Goti langu la kushoto linajua mvua kuliko redio.

Huyo Styx wako amenifurahisha. Nilimsimulia kwa akina mama tukiwa tunachambua maharage, wakaniuliza maswali ambayo mwalimu wetu hakuyajibu. Mume wake ni nani? Kuishi peke yake kule chini, alifukuzwa au alichagua? Watoto wake wengine wanaitwaje, na wako wapi? Huwezi kumsifu mama ukurasa mzima bila kusema watoto wake wanalala kwa nani. Tujulishe. Nyumba ya nguzo za fedha hatuitaki, nani angezisugua.

Ushindi anakula? Najua Dorothée, mke wa Casimir, ana mkono mzuri wa kupika, lakini mtoto mwenye mitihani husahau sahani mbele yake. Mwambie Guy afunike kichwa akiwa ziwani. Mwambie pia amsalimie mjomba wake kwa mikono miwili kila asubuhi, hata kama jana yake hawakuelewana.

Kuhusu shamba la Kabura, karatasi imeniishia.

Shangazi yako,
Pulchérie


Baraka, tarehe 18 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote wanaokujua hapa, nao si wachache. Ushindi amefaulu, tena vizuri, na Dorothée alichinja kuku kwa furaha. Ziwa limerudi nyuma kidogo na kutuachia matope. Guy anavaa kofia, ingawa anaivaa kwa kuigeuza nyuma.

Karatasi yako niliitazama kwa makini. Nusu yake ilikuwa nyeupe. Nimeandikia maswali ya mtihani, asante sana.

Majibu ya akina mama ni haya. Mume wa Styx aliitwa Pallas, na vitabu vyangu havimsemi zaidi ya hapo. Nadhani alikuwa mtu wa kukaa kimya. Watoto walikuwa wanne: Ushindi, Nguvu, Bidii na Mabavu. Mnauliza wako wapi, na hapo ndipo hadithi inaponiuma. Vita vilipokaribia kati ya miungu wazee na miungu vijana, mkubwa wa vijana, jina lake Zeus, aliwaita wote akasema atakayesimama upande wake hatapoteza heshima yake. Wengine wakabaki kutazamana. Styx alikuwa wa kwanza kufika, na watoto wake wanne nyuma yake. Zeus akamtuza mambo mawili. La kwanza, maji yake yawe kiapo kikuu cha miungu. La pili, watoto wake wakae kwa Zeus siku zote. Hawana nyumba nyingine. Aendako Zeus nao wapo, na mama yao alirudi kwenye miamba yake peke yake. Kama hiyo ni kuchagua au kufukuzwa, mimi mwalimu sijui.

Nilikwenda Mboko kumwona Kabura. Nilimkuta analima, mvua haijaja na yeye ameshatayarisha matuta, kama mtu asiyetarajia kwenda popote. Alinipa muhogo wa kuchoma na hakulia mbele yangu. Aliniambia hivi tu, nami nilikariri njiani ili nisiharibu: "Mama ya Placide alikufia mu mikono yangu. Sikumuogesha juu ya kutaka shamba. Lakini shamba ni neno ya mutoto wake, na ile neno siwezi kuiacha mu barabara."

Baraza la Agosti halikukaa. Baba Mdogo alisema ana safari ya Kalemie, kisha safari ikafa na baraza halikurudi. Sasa wanasema mwisho wa Oktoba. Wiki iliyopita, pale sokoni wanapouza dagaa wa ndakala, mzee Bertin, mkubwa wa ukoo, alimuuliza mbele ya watu kama ni kweli hakuapa. Casimir alicheka, akasema: "Mi sikuapa kitu. Muulizeni dada yangu, kama iko na kitu ya kusema."

Anajua hutasema, Shangazi. Anatembea mjini kifua mbele kwa sababu ya ukimya wako. Mimi sikuandikii tena kwa kuchekesha. Nimekujua maisha yangu yote kama mtu asiyeogopa hata nyoka wa chooni. Unaogopa nini?

Merveille


Lubondja, tarehe 29 Septemba 2024

Merveille,

Hatujambo. Maharage tumeyavuna na nyani wamekubali kutuachia nusu. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Hizo ndizo habari.

Una mdomo mzuri kama wa baba yako, na kama yeye unautumia kabla ya kufikiri. Unaniuliza naogopa nini, na katika barua hiyo hiyo umeniandikia jibu: watoto wake wakae kwa Zeus siku zote. Ushindi anakula kwa nani? Analala chini ya bati la nani? Injini anayoendesha Guy ni ya nani? Nilipofiwa na mume, Casimir alipanda huku na pikipiki akawachukua wote wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, akasema dada, hawa ni wangu. Sikumwomba. Amewalea bila kunikumbusha hata siku moja. Ni kaka yangu, nilimbeba mgongoni, na nampenda hata anapokosea.

Tena sheria ya maji unaijua nusu. Mwenye kuchota hajipeleki. Lazima aitwe na mmoja wa walioapa. Placide hawezi kuniita tena, na Casimir haniiti. Kwa hiyo nimekaa, na mtu asiniambie nimekaa kwa woga wakati nimekaa kwa sheria.

Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kabura tulimpa mgonjwa kwanza, jembe likaja baadaye. Najua hilo bila kufundishwa darasa la tano la fasihi.

Swali moja nalitaka lijibiwe. Huyo Zeus mwenyewe, akishukiwa yeye, maji ya mama yule yalichotwa kama kawaida? Au sheria ilikuwa ya wadogo tu?

Pulchérie


Lubondja, tarehe 20 Oktoba 2024

Merveille mwanangu,

Sikungoja jibu lako. Salamu ziwe nyingi, habari ziwe chache, Eugène anapiga honi hapo nje.

Niliisoma tena barua yako ya Agosti. Casimir alisema, muulizeni dada yangu. Alisema sokoni, mbele ya watu, mbele ya mzee Bertin, na yeye Casimir ni mmoja wa walioapa. Basi ameniita. Aliniita akidhani sitaitika.

Nimeogopa, Merveille, na neno hili naliandika mara moja tu. Nilishuka mtoni kabla jua halijatoka nikasimama na bidoni mkononi, dumu lile la kuchotea maji, nikawaona Ushindi na Guy na mifuko yao barabarani. Kisha nikamwona mama yangu amekufa mikononi mwa mgeni, na yule mgeni anamfunga kitambaa kidevuni vizuri, kama ambavyo ingenipasa kumfunga mimi. Nikachota.

Goti langu halitanishusha hadi Baraka, kwa hiyo Eugène ataleta bidoni ya manjano. Kwa Wagiriki wako nadhani mjumbe alikuwa mzuri zaidi wa sura. Ushike haya. Maji haya hayalali chini ya bati, yalale uani, angani kuwe wazi, na yalale nyumbani kwa anayeshukiwa. Siku ya baraza mshukiwa ayaguse kwa ulimi, tone moja linatosha. Maji yakishaingia kinywani, mtu aseme kweli au anyamaze. Asiseme uongo. Padri wetu anajua desturi hii na siku zote huangalia upande wa pili.

Mimi ndiye niliyemwaga maji mikononi mwao, wote wawili, Placide kwanza na Casimir baadaye. Lisome hilo mbele yao likihitajika.

Shangazi yako


Baraka, tarehe 4 Novemba 2024

Shangazi yangu, mama yangu,

Salamu kutoka kila upande. Ushindi anakusalimu, Dorothée anakusalimu na anaomba radhi, utaona sababu. Kwanza jibu la swali lako: Zeus ndiye aliyeitunga sheria ile, na hakuna mahali nilipoona kwamba alijitoa ndani yake. Maji hayakuuliza watoto wanakula kwa nani.

Bidoni ilifika Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba. Eugène aliifunga kwa mipira mitatu ya gari na hakumwaga hata tone, ila alilalamika. Nilifuata maneno yako. Niliipeleka kwa Casimir, nikaiweka uani karibu na jiko la nje, mbali na bati, nikamwambia Baba Mdogo haya ni maji ya Lubondja, yametumwa na dada yako uliyetuambia tumuulize. Aliitazama ile bidoni, akaitazama saa yake, akaingia ndani. Mimi nikarudi chumbani kwangu nikiwa nimejivuna sana. Nilikuwa nimesahau jambo moja, kwamba uani kwa watu ni mahali pa kupikia.

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika. Alikuwapo mzee Bertin, walikuwapo wajomba wa Mboko, Guy na Ushindi walikaa karibu na mlango, na Kabura alikuja amevaa kitenge chake cha Pasaka. Baraza letu halianzi na njaa, unajua. Dorothée alileta bugali ya unga kama mlima, samaki wa mikeke wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo iliyoiva mpaka imenyamaza. Tulikula. Casimir alikula kuliko wote, nadhani kwa wasiwasi. Aliomba bugali mara ya pili na ya tatu. Kabura alikula kwa adabu. Kisha mzee Bertin akaniambia niyalete maji.

Nilikwenda uani nikaikuta bidoni imelala ubavu, kavu. Nilirudi nikamuuliza Dorothée maji yako wapi. Akanijibu bila hata kuacha kukusanya sahani: "Ile maji? Nilipikia bugali. Robine ya maji iko kavu tangu juzi. Na ingine ilibaki, nikatia mu sombe."

Casimir alikuwa na tonge mkononi. Aliuliza: "Yote?"

"Yote. Batu ni bengi."

Hebu piga hesabu, Shangazi. Ulisema tone moja kwa ulimi. Baba Mdogo alikuwa amekula sahani tatu. Aliliweka tonge chini taratibu, akafuta vidole, akashika tumbo lake kwa kiganja kama mtu anayesikiliza mlango. Mimi nilidhani nimeharibu kila kitu, kwamba maji yaliyopikwa si maji ya kiapo tena, na nilitaka ardhi inifunike.

Kabura ndiye aliyetuokoa. Alisimama akasema yeye pia amekula, kwa hiyo aanze yeye. Alieleza siku ya maziko, nani alisimama wapi, na maneno ya baba yangu, kwamba alime mpaka siku yake ya mwisho. Hakuongeza chumvi. Alipomaliza hakukaa, alibaki amesimama akimtazama Casimir, wala si kwa hasira. Sote tukamtazama. Angeweza kunyamaza, sheria inamruhusu.

Akasema: "Niliapa. Placide alishika mukono yangu, na Pulchérie akamwanga maji. Shamba ni ya Kabura mupaka siku Mungu atamuita."

Sikutegemea kwamba nitamhurumia, lakini nilimhurumia. Alionekana mtu aliyetua mzigo, na papo hapo mtu aliyevuliwa shati mbele ya watu. Mzee Bertin alikohoa, akatangaza kwamba baraza limekwisha, kisha akamuuliza Dorothée kama kuna bugali iliyobaki. Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Kabura amerudi Mboko, na mvua imeanza leo, naye matuta yake yako tayari.

Nilikuambia unaogopa, na naona aibu. Umefanya kitu ambacho sijui kama mimi ningekifanya.

Kuhusu Guy, karatasi imeniishia.

Merveille wako


Lubondja, tarehe 8 Desemba 2024

Mwanangu Merveille,

Amani iwe nyumbani kwako. Huku mvua inanyesha inavyotaka, mahindi yamefika magotini, na goti langu limenyamaza kwa kuwa halina tena la kutabiri. Kwaya inajifunza nyimbo za Noeli. Ngoma imepasuka, kama nilivyotarajia.

Barua yako nimewasomea akina mama mara mbili, na nilipofika kwenye sahani ya tatu Anastasie alilala chini kwa kucheka. Mwambie Dorothée simdai radhi yoyote. Miaka yote ukoo wetu umekuwa ukiogopa maji haya kwa tone tone, yeye amewalisha kwa mwiko. Mama yangu angemkumbatia.

Guy alifika kabla ya barua yako, kwa hiyo karatasi yako iliisha bure. Nilisikia pikipiki ya Eugène nikajua ni mzigo, nikatoka, nikamwona mwanangu anashuka na mfuko begani. Nililia. Akadhani namlilia kazi yake, akaanza kunifariji, nami nikamwacha aendelee kwa sababu alikuwa anafariji vizuri. Amenieleza yote. Kesho yake baada ya baraza Casimir alimwomba ufunguo wa injini. Hakupiga kelele wala kumtukana, alinyoosha mkono tu. Guy aliuweka ufunguo mkononi mwake kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha, akafungasha. Casimir alitaka Ushindi naye afungashe, Dorothée akamwambia sawa, basi aandae mifuko miwili, maana mpishi naye ataondoka. Ushindi amebaki na anaendelea na shule. Sikujua kwamba nina dada Baraka.

Hili nalo sikiliza. Hapa Lubondja kuna mashine ya kusaga iliyokaa bubu tangu Pasaka, pamoja na simu yangu. Guy aliifungua ile mashine, akalala chini yake siku nzima, akatoka mweusi kama masizi, nayo ikanguruma. Sasa akina mama hawatembei tena na muhogo vichwani hadi kijiji cha pili. Wanamwita fundi, na anapenda. Anaamka jua limeshapanda, anakula kama watu wawili, kofia bado ameigeuza nyuma. Nimemfikiria sana yule Styx wako. Alifika wa kwanza, akapewa heshima kubwa, na watoto wake hawakurudi. Ungekuwa unajua njia ningemtumia salamu. Wangu mmoja amerudi, anakoroma chumba cha pili ninapoandika, na sauti hiyo siibadilishi na nguzo za fedha.

Kuna jambo ambalo hulijui, kwa sababu Guy alikatazwa kulisema huko. Alipokuwa anapanda pikipiki, Casimir alitoka ndani akampa bidoni yangu ya manjano, akamwambia: "Mupelekee mama yako kitu yake." Guy alidhani ni tupu, mpaka alipoibeba. Unajua kwetu chombo cha mtu ukikirudisha kitupu umemwambia mmemalizana. Nilifungua kifuniko. Mawese, mekundu, mpaka shingoni. Nilimuuliza Guy kama ni Dorothée aliyejaza. Akasema hapana, alimwona mjomba wake mwenyewe amechuchumaa uani na kikombe, akijaza polepole, na alipoona anatazamwa akasema maneno makali kuhusu vijana wavivu.

Basi nenda kwake, Merveille. Usipeleke hotuba, peleka salamu tu. Mwambie dada yake hana hesabu ya miaka tisa ya Wagiriki wako. Aje Noeli, alete na Dorothée na Ushindi, na Kabura nimemtumia neno naye aje. Mwambie mashine inasaga, mawese yapo, na nitampikia bugali kwa mkono wangu. Akiuliza nitapikia maji gani, usimdanganye. Mwambie ni ya mtoni, kama ninavyopika kila siku ya Mungu. Hapa kwangu hatuna mengine.

Shangazi yako anayekupenda,
Pulchérie